Kaburi Nililolifuta kwa Penseli Nyekundu

Kazi niliyoifanya mpaka nastaafu haina jina zuri. Kwenye fomu nilikuwa naandika "mkalimani", lakini ukalimani ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kusoma miswada ya waandishi wa kigeni waliokuwa wakitunga riwaya kuhusu zamani za huku kwetu Mara, kisha kuwaandikia barua kuwaonyesha walipokosea. Mke wangu marehemu, Perpetua, alikuwa akiulizwa mumewe anafanya kazi gani, anajibu kwamba anabishana na Wazungu kwa posta. Ufunguo wa ofisi nimeshawakabidhi ninyi wawili mlioajiriwa nyuma yangu, na najua mmekuta kabati zimejaa. Yaliyomo kabatini mtayasoma wenyewe. Haya ninayoandika hapa hayamo.

Niliingia Tarime nikitokea kwetu Kisaka, na cheti cha ualimu na viatu vya kuazima. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka ya nguo, meza mbili, na birika lisilo na mfuniko. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Mwita, Mkurya wa hapa hapa, aliyekuwa mkalimani wa mahakama tangu enzi za Mwingereza. Macho yalikuwa yamemchoka, ndiyo maana alitaka kijana wa kumsomea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanisukumia ukurasa mmoja uliopigwa taipu na kuniambia nitafute makosa.

Ulikuwa ukurasa wa riwaya ya dhahabu ile ya zamani, kabla ya vita vya Hitler, Wazungu walipochimba huku na kuwaita vijana wetu kwenye mashimo. Kwenye ukurasa huo kijana amekufa shimoni. Baba yake anaingia nyumbani kwa mkamwana wake, anaketi kitandani, anamfuta machozi kwa kidole. Nilisoma hapo nikaangalia pembeni kwa aibu, kana kwamba nimewafumania. Baba mkwe wa huku haingii humo, sembuse kuketi kitandani. Ukoo mzima ungekutana kujadili jambo hilo, na marehemu angesahaulika. Nikaandika kosa hilo na mengine sita, likiwemo la wali wa nazi, nikajiona nimemaliza.

Mzee Mwita akasema makosa yapo manane. Nikarudia mstari kwa mstari, la nane silioni. Akaniambia la nane ni la kwangu mimi: sikuuliza hao watu wa kwenye ukurasa ni wa wapi.

"Mara ina watu wengi," alisema. "Kwa hiyo usiandike 'sisi'. Andika umeona wapi, au nani kakwambia."

Nililiandika neno hilo kwenye jalada la daftari langu la kwanza. Kuliandika ni rahisi.

Miaka ya mwanzo nilicheka sana kazini, nisiwafiche. Kuna mwandishi alipanda minazi Sirari. Mwingine aliwafanya wachimbaji wa kutoka milimani waongee Kiswahili cha Unguja, "yakhe" kila sentensi, wakati babu zetu Kiswahili walikiokota humo humo shimoni, kikiwa cha amri na matusi, na wakikichanganya na lugha zao bila kumwomba mtu ruhusa. Mwingine alimleta mtoto wa miaka saba anamwambia babu yake "jambo, babu". Nilimwandikia kwamba mtoto huyo angelala bila kula. Wengi walisahihisha. Baadhi walinishukuru kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu, jina langu likiwa limekosewa.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Penseli nyekundu tulizichonga kwa wembe, maana vichongeo vya dukani vilizivunja. Kinasa sauti kilikula betri nne kubwa, na wakati wa baridi tulizianika juani kabla ya kuondoka. Hapo niwaachie jambo moja la kazi. Mtu akiwa anasimulia kifo na kaseti ikaisha, usiigeuze. Iache ikatike, sikiliza kwa kichwa, andika jioni. Nilimwona mama mmoja wa Issenye akinyamaza katikati ya habari ya mwanaye kwa sababu ya kile kishindo cha kufungua kaseti, na hakurudi tena kwenye maneno yale, siku ile wala siku nyingine.

Jambo ambalo Mzee Mwita hakuniambia ni kwamba kazi hii inakutenga na watu. Taratibu unaanza kuyaangalia maisha ya kwenu kama mtu aliyetumwa. Uko msibani, wenzako wanalia, wewe unaangalia nani amekaa upande gani na kwa nini. Mama yangu alipofariki kule Kisaka nilijikuta namuuliza mjomba kuhusu utaratibu wa kunyoa, kalamu ikiwa mkononi. Dada yangu akanijia taratibu akaniambia, "Magige, leo usiwe mgeni." Niliirudisha kalamu mfukoni, lakini machozi hayakuja mpaka nilipokuwa nimerudi Tarime peke yangu. Kwa Wazungu nilikuwa mwenyeji. Kwa wenyeji nilikuwa yule wa Wazungu. Mzee Mwita naye akafa, nikabaki na meza mbili na birika.

Kisha ikaja rashi ya dhahabu. Mnaoitwa vijana mmezaliwa mkaikuta, hamjui ilivyoanza: mtu mmoja kaonyesha jiwe lenye dhahabu kwenye baa, na kabla ya mwezi kuisha vilima vimejaa mahema ya turubai, watu wa Geita, wa Shinyanga, wa ng'ambo ya Sirari, kila mmoja na nyundo yake. Walichimba maduara, ndiyo mashimo yao, popote jiwe lilipoelekea. Walichimba shambani, zizini, chini ya jiko la mtu. Wenye miji wengine waliuza, wengine walihamishwa na kelele tu. Na kama ilivyo kawaida, mahali panapoanza kutoweka ndipo waandishi wanapokuja kuandika palivyokuwa. Miswada ya dhahabu ya zamani ilimiminika mezani kwangu kuliko wakati wowote.

Miongoni mwao alikuwepo Bi Margit. Nawaambia mapema, katika habari hii yeye hana kosa. Alikuwa mama mtu mzima, mtaratibu, anayeandika kila kitu na kuuliza mara mbili. Alitaka kutunga riwaya juu ya mchimbaji mmoja Mjaluo wa wakati wa Mwingereza. Nilimtafutia watu wa kuwahoji, na mmoja wao alikuwa Bi Akeyo, bibi kizee mjane aliyekuwa akiishi Tarime mjini na mkwewe, baada ya mji wa baba yake kumezwa na maduara. Siku ya mahojiano hayo malaria ilinilaza. Kwa hiyo aliyetafsiri alikuwa mjukuu wa Bi Akeyo, Atieno, aliyekuwa likizo kutoka sekondari. Kaseti ya siku ile haikunasa sauti, betri zilikuwa zimekufa. Nami nilipopona sikwenda kurudia. Niliona ni mahojiano ya bibi mmoja tu, na ninayo mengine arobaini.

Mwaka uliofuata muswada ulifika. Ulikuwa mzuri. Mchimbaji wa Bi Margit anafukiwa shimoni wakati wa masika, maji na magogo yanashuka pamoja, na msimamizi anaamuru shimo lifungwe kwa kuwa maiti haitolewi. Nyumbani wanangoja. Mwisho ndugu wanakwenda kutafuta tunda la mwegea, lile refu zito lisiloliwa, wanalivika shati la marehemu, wanalilaza kitandani usiku mmoja, wanalilia, kisha wanalichimbia kaburi na kulizika kama mtu. Kurasa nne nzima.

Nilizikata. Nilipiga msalaba kwa penseli nyekundu kona hadi kona na kuandika pembeni, kwa Kiingereza changu safi, kwamba huu ni mchezo wa kubuni, sisi hatuziki matunda. Bi Margit akaniandikia kwa adabu. Alisema ameambiwa na yule mwanafunzi aliyemtafsiria, je nina uhakika? Mimi, badala ya kushtuka, nilikasirika. Mtoto wa shule wa mjini ndiye anifundishe mila! Hata hivyo nilijifanya kufanya utafiti. Nilipanda baiskeli nikawauliza wazee watatu, wawili Wakurya na mmoja Mngoreme mwenzangu, wote watu wa kuaminika. Wote wakacheka. Nikarudi nikaandika: "Nimethibitisha."

Niliwauliza watu wa kweli, lakini wa kabila lisilo la mchimbaji yule. Na jioni ile, wakati nafunga bahasha, mke wangu alikuwa jikoni anakaanga sato, mke wangu Perpetua, Mjaluo wa upande wa Shirati, niliyekuwa nimeoana naye miaka kumi na minane. Alikuwa hatua sita kutoka kwenye kiti changu. Sikumwuliza. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna kitu cha kumwuliza, maana nilijihesabu kuwa Ujaluo wote nimeshauoa.

Bi Margit aliniamini. Ndiyo hasara ya kuaminiwa. Kitabu kilipotoka alinitumia nakala mbili, moja ya ofisi, moja ya Bi Akeyo. Nilikipeleka nyumbani kwa majivuno, na Perpetua akaniomba nimsomee kwa Kiswahili wakati anapepeta mtama. Nilimsomea shimo, masika, magogo. Nikafika pale mwisho, ambapo Bi Margit, baada ya kunyimwa kaburi, ilimbidi aweke kitu kingine. Alikuwa ameweka kwamba mke wa yule mchimbaji anasimama njiani kila jioni akiangalia barabara, na majirani wananong'ona kwamba mume hakufa, amevuka mpaka na kipande cha dhahabu, ana mji mwingine Kenya.

Perpetua aliacha kupepeta. "Na yago?" aliniuliza.

Nikamwuliza yago ndiyo nini. Akanieleza, bila haraka, kama anavyoelezwa mtoto. Tunda la mwegea kwao linaitwa yago. Mtu akipotelea majini au vitani au shimoni, na mwili usipatikane, ndugu zake hulizika hilo mahali pake, ili awe amekufa, mkewe awe mjane, na watoto wake wawe na mahali pa kuonyesha baba alipolala. Asipozikwa hivyo anabaki mtu aliyeondoka tu, na aliyeondoka husemwa. Babu yake mwenyewe alizikwa hivyo baada ya ziwa kumchukua. Kisha akasema neno ambalo sijapata kulisahau. "Miaka yote hii nakaa na mtu anayeuliza watu maswali," alisema. "Mimi hukuniuliza."

Hakunisema zaidi. Alitaka tu niende kwa Bi Akeyo nimwambie ukweli kabla mwingine hajamwambia, maana alimjua huyo bibi kanisani na alijua kilichokuwa moyoni mwake. Alinieleza kwamba kule kwenye mji wa babaye, Odera, ndiye yule mchimbaji wa kitabuni, watu wa nyundo walichimba mpaka kwenye kaburi lenyewe, wakatoa udongo wote wakauosha. Lile neno la kwamba Odera alitoroka na dhahabu lilikuwa la kweli, kwa maana kwamba kweli lilisemwa, tangu Bi Akeyo akiwa msichana. Kaburi ndilo lililokuwa likilijibu. Sasa kaburi halipo, na bibi alimpa Bi Margit habari ile kwa sababu moja tu, ili kaburi liwe kwenye kitabu ambako nyundo haifiki.

Kwa hiyo mnaona nilichofanya. Nililiondoa kaburi, na mahali pake nikaacha lile neno la majirani lipigwe chapa.

Nilimwandikia Bi Margit nikakiri. Alijibu kwa masikitiko, akasema kitabu kikichapwa tena atarudisha kurasa zile. Hakikuchapwa tena. Baada ya miaka mitatu barua zangu zilirudi bila kufunguliwa.

Kwa Bi Akeyo nilikwenda Jumapili, baada ya ibada. Nilimkuta barazani anabangua karanga. Nilimwamkia, akaitikia na kuniita mkwe, maana nimeoa kwao. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakigeuza, akanusa karatasi, akanirudishia na kuniomba nimsomee pale baba yake alipozikwa. Alisema hana haja na kurasa nyingine.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeisema njia nzima juu ya baiskeli. Nikafungua kitabu. Nikaangalia ule ukurasa wa barabara na majirani, nikaangalia uso wake, na mdomo wangu ukaanza kusoma kitu kisichokuwepo. Nilisoma yago, shati, kitanda, kilio, majembe. Nilichukua yale ya Perpetua kuhusu babu yake na kumvisha Odera. Ukalimani wa miaka mingi, jamani, ulinisaidia vizuri sana siku ile. Sauti haikutetemeka.

Bi Akeyo alisikiliza karanga zikiwa kiganjani. Nilipomaliza akasema huyo mama Mzungu ana utu, ameandika kama mtu aliyekuwepo. Akaniomba nikunje kona ya ukurasa ule ili siku moja Atieno aupate bila kuhangaika. Nikaikunja, kwa mkono wangu.

Perpetua aliniuliza usiku kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia. Akasema afadhali, mficha uchi hazai, akalala. Yeye alifariki miaka minne baadaye akijua mumewe alikwenda akasema kweli. Binti yetu yuko Mwanza na wanawe. Nyumba ina vyumba vitatu, na tangu wakati huo natumia kimoja.

Miaka mingine ya kazi niliifanya kwa uangalifu mkubwa, mtayaona mafaili. Kila sahihisho lina jina la mtu na kijiji. Waandishi walinisifu kwa hilo, wakasema hawajapata kuona msomaji makini namna ile. Sikuwa makini. Nilikuwa mwoga. Na kila nilipopita karibu na nyumba ya Bi Akeyo nilishuka baiskeli nikapitia nyuma ya soko.

Mwaka jana, miezi michache kabla sijastaafu, Bi Akeyo akafariki. Alizikwa nyumbani kwa marehemu mumewe, kuelekea ziwani. Nilikwenda kama mkwe, nikakaa kwenye benchi la nyuma upande wa wageni. Kwaya ya akina mama iliimba, mchungaji akahubiri, kisha Atieno akasimama kusoma wasifu. Sasa ni mwalimu kule Issenye, mtu mzima mwenye miwani, na nilikuwa sijamwona tangu akiwa msichana. Alipomaliza wasifu alifungua kanga iliyofungwa vizuri akatoa kitabu. Akawaambia watu kwamba bibi aliacha agizo moja, kwamba siku ya kumzika yeye usomwe ukurasa unaoonyesha jinsi baba yake alivyozikwa, ili ukoo usikie na waliokuwa wakisema wasikie. Hakuwahi kukubali mtu mwingine akifungue kabla ya siku hiyo.

Angeweza kuusoma kwanza kimya. Hakuona sababu, kwani yeye ndiye aliyemtafsiria Bi Margit habari hiyo kwa mdomo wake. Akafungua kwenye kona iliyokunjwa, akaanza kutafsiri kwa sauti ya darasani. Kila jioni mwanamke alisimama njiani. Majirani walisema mume wake hakufa. Walisema amevuka mpaka na dhahabu, na huko ana mke na—

Alifunua ukurasa wa mbele, akarudi wa nyuma. Mzee mmoja upande wa wajomba akaguna. Atieno akainua macho akatafuta kati ya watu mpaka akanipata.

"Mzee Magige," alisema, "bibi aliniambia wewe ndiye uliyemsomea. Njoo utuonyeshe ilipo."

Kutoka benchi la nyuma mpaka pale mbele nilipita watu wote, na nikiwa njiani akili yangu, nawaambia ukweli, ilikuwa inatunga. Ingewezekana. Ningeshika kitabu, ningesoma tena yale yale, na hakuna hata mmoja pale, isipokuwa Atieno, ambaye angejua. Nilikishika kitabu. Nikaiona ile kona niliyoikunja, imelainika kwa kushikwashikwa. Bibi alikuwa akiifungua na kuigusa, na kusoma alikuwa hajui.

"Haipo," nilisema. "Iliandikwa kweli kama Atieno alivyosema. Niliikata mimi, kwa kujifanya najua. Na Bi Akeyo nilimsomea uongo."

Nilitegemea kelele. Watoto waliendelea kucheza kule nyuma ya turubai. Aliyesimama alikuwa Mzee Ouma, mjukuu wa kaka yake Odera, ndiye mkubwa wa ukoo ule kwa sasa. Aliongea na wenzake kwa Kijaluo, chini chini, muda mrefu. Nilisikia yago mara mbili. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Sisi tutalitafuta lingine," alisema. "Odera atazikwa kwangu Jumamosi. Wewe usije."

Nikampa Atieno kitabu. Alikipokea kwa mkono mmoja. Nilitembea mpaka barabarani nikasubiri gari la Tarime, na hakuna aliyenisindikiza.

Nakala ya ofisi iko rafu ya juu, jalada la kijani. Pembeni mwa ukurasa ule nimeandika kwamba Odera alifukiwa shimoni, kwamba alizikwa na ndugu zake, na kwamba walionieleza ni Perpetua mke wangu na Bi Akeyo binti yake. Sikutumia penseli, nimetumia wino. Akija mwandishi mwingine anayetafuta habari za dhahabu ya zamani, mpeni hicho, na mwambieni aliyekata ni nani.

Najua mtakachouliza, kwa sababu ningekuwa ninyi nami ningeuliza. Je, safari ile yago waliliweka wapi, kichwa kikielekea wapi, nani alilivika shati, lilikuwa shati la nani, maana la Odera halipo tena? Walilia kwa namna gani kwa mtu ambaye hakuna aliyebaki kumwona akiwa hai? Ni mambo ambayo nimelipwa maisha yangu yote kuyajua. Jumamosi ile niliamka alfajiri, nikavaa suti yangu ya msiba, nikaketi kwenye kiti changu nyumbani mpaka jua likazama. Jinsi walivyomzika, muulizeni Atieno. Mimi sikuwepo.